Kama Mioyo Yetu Ingekuwa Wazi

Hapana nyumba, tangu milima ya Mbinga hata pwani ya Ziwa Nyasa, ambayo watu wake hawajatamani kuijua mioyo ya wenzao. Mke amtazama mumewe aliyenyamaza jioni, asijue kama ana uchungu au uchovu tu. Mwalimu amwona mtoto akiinamisha kichwa, asijue kama ana haya au ana hila. Wahenga walisema ya kuwa moyo wa mwenzio ni msitu wa kiza. Basi twaulizana: ingekuwaje kama msitu huo ungefyekwa, kila mtu akayasoma mawazo ya jirani yake kama asomavyo barua?

Wengi watajibu upesi kwamba uongo ungekoma, wizi ungekoma, na vita visingekuwapo. Lakini na tutazame kwanza jambo lililotokea hapa kwetu Liuli, mahali palipoitwa na Wajerumani Sphinxhafen. Zamani hizo manahodha wawili waliendesha meli za serikali zao katika ziwa hili: Rhoades, Mwingereza, mwenye meli Gwendolen, na Berndt, Mjerumani, mwenye meli Hermann von Wissmann. Watu hawa walikuwa marafiki, hunywa pamoja wakutanapo. Mwezi wa Agosti 1914 vita vikatokea Ulaya. Habari ilimfikia Rhoades, haikumfikia Berndt. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikafika Liuli, ikaipiga kwa mzinga meli ya Mjerumani, nayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu itengenezwe. Yasimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua, akamwendea rafiki yake kwa hasira, kumwuliza kama amelewa. Akashikwa, akawa mfungwa.

Je, kama Berndt angaliweza kuusoma moyo wa rafiki yake, angaliona nini humo? Yamkini angaliona urafiki na amri vikikaa pamoja katika kifua kimoja. Asingaliweza kujua kwa hayo kama mzinga utalia au hautalia. Kilichompungukia ni habari ya vita, ambayo hata barua fupi ingaliweza kuileta. Hapo twajifunza neno la kwanza: moyo wa mtu si chumba chenye kitu kimoja. Aingiaye humo ataona mambo mengi yashindanayo, wala hataambiwa lipi litashinda.

Neno la pili twalijifunza kwa wale waliodai kwamba wanaweza kuifunua mioyo. Wazee wa pande hizi za ziwa walikuwa na mwavi, sumu itokayo katika gome la mti. Mshitakiwa alinyweshwa, akitapika, alihesabiwa kuwa hana hatia, akifa, watu walisema uovu wake umeonekana. Wako walioiendea sumu hiyo bila hofu, kwa kuwa walijijua kuwa hawana kosa, nao wakafa. Kilichopimwa ni tumbo. Moyo haukupimwa hata kidogo.

Kisha, katika miaka ya 1930, wakatokea vijana wa mchape kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaenea hata Rhodesia ya Kaskazini na kusini ya Tanganyika. Waliwapanga watu mstari, wakawatazama katika kioo, wakisema kwamba kioo chawaonyesha aliye mchawi. Waliwaamuru watu kuzitupa pembe na hirizi zao, kisha wakawanywesha dawa. Bibi mmoja mtaalamu wa Kiingereza, Audrey Richards, alizichungua pembe zilizotupwa katika nchi ya Wabemba, akaandika mwaka 1935 kwamba nyingi sana zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida tu.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yamekwisha kwa kuwa mwavi umekwisha. Katika nchi yetu, hasa Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Waliowaua walidhani wanasoma uchawi moyoni mwao.

Siku hizi wataalamu wanautazama ubongo kwa mashine. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger aliandika kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas, katika mji wa Austin huko Marekani, walitangaza kazi kubwa zaidi. Watu watatu walilala ndani ya mashine itazamayo mwendo wa damu katika ubongo, kila mmoja akisikiliza hadithi muda wa saa 16. Baadaye mashine ikaweza kueleza kwa kadiri maana ya mambo waliyokuwa wakiyasikia au kuyawaza, ingawa si neno kwa neno. Lakini mtu alipokataa, akahesabu moyoni au akajisimulia hadithi nyingine, mashine ilishindwa. Na ile iliyozoezwa kwa mmoja haikumweza mwenziwe. Hata sasa, basi, mlango wa moyo hufunguliwa na mwenyewe, kutoka ndani.

Lakini tuseme kwamba milango yote ingefunguka. Huko Mbamba Bay mwuza usipa angejua mara moja bei ambayo mnunuzi aliyeshuka kutoka Mbinga yu tayari kulipa. Naye mnunuzi angejua shida ya mvuvi aliyeacha watoto na njaa. Mmoja angeona huruma, mwingine angeona nafasi ya kumkamua mwenziwe. Kujua shida ya mtu hakumfanyi ajuaye kuwa mwema.

Tena itazame nyumba. Mume arudi amechoka kutoka kulima ngolo mlimani, amkute mkewe ana homa na moto haujawashwa. Wazo la hasira lampitia kama umeme. Alimeza, akawasha moto, akateka maji, akamkandika mgonjwa kitambaa kichwani. Kama mke angelisoma lile wazo la kwanza, angelilia usiku kucha, wala asingeyaona maji aliyoletewa. Wema mwingi wa dunia ni wazo baya lililoshindwa kwa siri. Tukiwahukumu watu kwa kila lipitalo vichwani mwao, tutawahukumu kwa adui waliyekwisha kumshinda.

Kwa hiyo tusiulilie uwezo tusiopewa. Tumepewa ulimi wa kuuliza na masikio ya kusikiliza, navyo mara nyingi tunavitumia kidogo. Enyi waalimu, msimwambie mtoto, "Naijua nia yako". Mwulizeni, mkamngoje ajibu, hata kama anakawia. Enyi wazazi, neno linalowasumbua lisemeni kwa upole kabla jua halijatua. Na mtu ajapo nyumbani kwenu akisema kwamba ameona uovu ndani ya moyo wa bibi kizee jirani yenu, mwulizeni ameona tendo gani, kwa macho yake mwenyewe, siku gani. Asipokuwa na jibu, msilipeleke neno lake nyumba ya pili. Mwendeeni yule bibi, mkamjulie hali.