Gari la kwenye mchezo wa video na lile la barabarani: jinsi ya kuyatofautisha

Na Mwandishi Wetu, Iringa

KIJANA aliyezoea michezo ya video huweza kulitambua gari kwa mbali, akataja jina lake, toleo lake na hata nguvu ya injini yake. Maarifa hayo si ya kubezwa. Hata hivyo yana mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kuilipia kwa mamilioni ya shilingi siku atakapokwenda kununua gari la kweli.

Jambo hili lina uzito katika mji kama Iringa. Katika eneo la Mlandege, kama ilivyo katika miji mingine nchini, magari mengi madogo ni ya Kijapani yaliyokwishatumika, na huingizwa kupitia Bandari ya Dar es Salaam. Miongoni mwake zimo Toyota Chaser, Toyota Altezza na Subaru Impreza, ambazo zimekuwamo katika michezo ya video tangu miaka ya 1990.

Majina halisi na majina ya kubuni

Kuna michezo ya aina mbili. Ya kwanza hutumia magari halisi kwa leseni ya kampuni zinazoyatengeneza. Mfano mashuhuri ni Gran Turismo, uliotoka nchini Japani mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Toleo lake la nne, la mwaka 2004, lilikuwa na magari zaidi ya 700, yakiwamo ya kawaida kabisa kama Toyota Vitz.

Aina ya pili hubuni majina. Katika Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo uliotoka mwaka 2004, hakuna Nissan wala Toyota. Hata hivyo, gari liitwalo Elegy lina umbo la Nissan Skyline ya kizazi cha R32, na lile liitwalo Sultan wachezaji wengi hulifananisha na Altezza iliyochanganywa na Impreza. Wabunifu huchukua taa za gari moja, boneti ya jingine na mkia wa la tatu, ili pasiwepo kampuni inayoweza kusema kuwa gari lake limechukuliwa zima zima.

Sababu ya tofauti hiyo ni sheria na fedha. Jina na nembo ya gari ni mali ya kampuni. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2016, kampuni ya michezo ya Electronic Arts ilishikilia haki ya pekee ya kutumia jina la Porsche. Kwa sababu hiyo, mchezaji wa Gran Turismo alikuta humo magari ya RUF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza magari yake kwa kutumia bodi za Porsche. Aliyesema ameona Porsche hakuwa amekosea umbo, bali jina.

Mvutano huo uliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2017, kampuni ya AM General ya Marekani, inayotengeneza magari ya kijeshi ya Humvee, iliishtaki kampuni ya Activision kwa kuyaonyesha magari hayo katika michezo ya Call of Duty. Machi 2020, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kuwa kuyatumia ili kuupa mchezo sura ya uhalisia kunalindwa na uhuru wa kujieleza.

Namna ya kulitambua gari

Wenye uzoefu hawaanzi na rangi wala rimu, kwa kuwa hivyo hubadilishwa kwa urahisi. Huanza na yale yasiyobadilika haraka: mstari wa paa, umbo la madirisha ya pembeni, nafasi kati ya magurudumu na mpangilio wa taa za nyuma. Shoo ya mbele na bampa hufuata baadaye.

Hatua ya pili ni usukani. Ukiwa kulia, huenda gari ni toleo la Japani. Ukiwa kushoto, huenda ni la Marekani au la nchi nyingi za Ulaya, na jina laweza kubadilika. Altezza ya Japani iliuzwa ng'ambo kwa jina la Lexus IS. Vitz iliitwa Yaris barani Ulaya. Wachezaji wawili wanaobishana juu ya majina hayo wanaweza wote kuwa sahihi.

Hatua ya tatu ni kumbukumbu. Kwa magari ya mashindano, rangi za timu na mwaka hutoa ushahidi. Ford Focus iliyomo katika mchezo wa Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000 ni ya aina ile ile ambayo McRae aliitumia kushinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1999, na tena mwaka 2002. Mchezo huo pia una barabara za Kenya.

Umbo moja, magari mawili

Mipaka ya maarifa hayo huonekana pale ambapo bodi moja hubeba injini tofauti. Chaser Tourer V iliyomo katika Gran Turismo ni JZX100, yenye injini ya lita 2.5, turbo na nguvu za farasi 280. Nyingi ya zile zinazojulikana mitaani ni GX100, yenye injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, ambayo nguvu zake ni kati ya 140 na 160. Kwa nje, hasa zikishafungwa rimu na bampa za aina moja, ni vigumu kuzitenganisha. Altezza nazo ziko hivyo: RS200 ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210, ilhali AS200 ina 160.

Muuzaji asiye mwaminifu huhitaji tu nembo ya kubandika. Kinga ya mnunuzi ni kibati cha Toyota kilichomo chini ya boneti, chenye alama ya modeli na namba ya chesisi. Herufi GX, JZX, SXE au GXE zilizoandikwa hapo husema zaidi kuliko nembo ya nyuma. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyo katika kadi ya gari, na ukubwa wa injini usomwe, kabla ya fedha kutolewa.

Lipo pia suala la uhai. Katika matoleo ya awali ya Gran Turismo, gari liligonga ukuta na kuendelea na safari bila hata kubonyea. Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam atateremka Mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yaendayo taratibu. Huko breki hupata moto, na kosa moja halina nafasi ya kuanza upya.

Michezo hiyo imewafundisha vijana wengi kuyatazama magari kwa makini. Makini hayo yafike hadi chini ya boneti.