Nani Alisema? Upande wa Sauti na Programu ya VLC katika Kazi ya Mwanaisimu

Mwaka jana, nilipokuwa natayarisha kazi yangu ya mwisho (TFC) juu ya mazungumzo ya Kiswahili cha Bukavu, nilifanya kosa ambalo nataka kulieleza hapa ili mwenzangu asilirudie. Halikuwa kosa la sarufi wala la tahajia. Nilimpa mtu maneno ambayo hakuyasema.

Nilikuwa nimewarekodi Mama Mkubwa na Mama Mdogo, dada wawili wa mama yangu, wamekaa jioni karibu na mbabula, wakikumbuka namna shamba la babu lilivyotaka kuuzwa. Mama Mkubwa alikaa kushoto kwa kinasa sauti, Mama Mdogo kulia. Sauti zao zinafanana sana. Hata watoto wao wakiitwa kutoka ndani hukosea nani ameita. Tena walikuwa wanaingiliana maneno, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Katikati ya kelele hiyo kuna sentensi moja: «Ni miye nilimukatalaka.» Yaani, mimi ndiye niliyemkatalia kaka yetu asiuze. Niliisikiliza mara nyingi, nikaamua ni ya Mama Mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye kukata maneno nyumbani.

Niliporudi kuwasomea maandishi, Mama Mkubwa alinyamaza kidogo. Kisha akasema: «Mwanangu, hayo si yangu. Mimi siku ile niliogopa, sikusema kitu. Ni mdogo wangu alisema.» Mama Mdogo aliinamisha kichwa. Neno ambalo mmoja alilisema peke yake, akagombana na kaka yake miaka mingi kwa ajili yake, mimi nilikuwa nimempatia mwingine, na ningeliweka hivyo katika maktaba ya chuo kikuu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya rekodi tangu mwanzo. Kinasa sauti nilichoazimwa kilikuwa na maikrofoni mbili, moja imeelekea kushoto, nyingine kulia. Lakini ili faili liwe jepesi kwa kutumwa kwa simu, nililigeuza kuwa mono, yaani njia mbili za sauti zikachanganywa kuwa moja. Nilipunguza megabaiti, na pamoja nazo nikatupa upande.

Masikio mawili yanafanya kazi gani?

Sauti inasafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu akisema upande wako wa kulia, sauti inafika sikio la kulia kwanza, halafu inazunguka kichwa na kufika la kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo mno: hata mtu akiwa ubavuni kabisa, ni milisekunde 0.6 au 0.7 tu. Lakini ubongo unaipima. Pia kichwa kinaziba sauti kama ukuta, kwa hiyo sikio la mbali linaisikia kwa nguvu ndogo, hasa sauti nyembamba. Mwaka 1907 Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba tunatumia alama zote mbili: wakati kwa sauti nzito, na nguvu kwa sauti nyembamba.

Kwa sisi wa lugha, jaribio muhimu zaidi ni la Colin Cherry, lililotangazwa mwaka 1953. Aliwasikilizisha watu maneno ya aina mbili kwa wakati mmoja, yote yakiwa yamesomwa na msomaji mmoja. Yalipochanganywa pamoja, wasikilizaji walipata taabu kubwa kuyatenganisha. Ilibidi warudie tena na tena na kukisia kwa kufuata maana. Lakini kila ujumbe ulipowekwa katika sikio lake, walifuata mmoja na kuacha mwingine bila shida.

Tazama hali yangu: sauti mbili zinazofanana, zimechanganywa kuwa moja, na mimi nakisia kwa kufuata maana. Nilijirudisha katika sehemu ngumu ya jaribio la Cherry bila kujua. Na kukisia kwa maana ni hatari, maana tunakisia kwa yale tunayoyaamini tayari. Mimi niliamini kwamba mkubwa ndiye anayesema neno zito.

Programu ilinisaidiaje?

Kwa bahati sikuwa nimefuta faili la asili. Nilirudi kwake kwa VLC, programu ya kuchezea sauti na video ambayo wengi wetu tunayo katika kompyuta zetu kwa kutazama filamu. Si vibaya kujua kwamba nayo ilizaliwa chuoni: ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na tangu 2001 inatolewa kwa leseni huru. Hailipiwi, na inafanya kazi bila intaneti.

Katika orodha yake ya sauti kuna sehemu ya kuchagua namna ya stereo. Unaweza kusikiliza njia zote mbili, ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, au kugeuza pande. Unabadilisha wakati sauti inaendelea kucheza, na unasikia tofauti hapo hapo. Nilivaa ekuteri masikioni, nikaweka kipande kile cha sekunde chache kijirudie chenyewe (VLC inaruhusu kuweka alama ya mwanzo na ya mwisho), nikapunguza mwendo kidogo. Nilipochagua kushoto, sentensi ilisikika kwa mbali. Nilipochagua kulia, ilikuja karibu na wazi: «Ni miye nilimukatalaka.» Na kule kushoto, wakati huo huo, kuna sauti ya Mama Mkubwa, ambayo sikuwahi kuiona katika mchanganyiko. Anaitikia polepole: «Ee.»

Hiyo «ee» peke yake ni data. Ni kukiri kwa mtu aliyekuwepo na hakusema. Katika maandishi yangu ya kwanza haikuwepo kabisa.

Hapa lazima niseme mipaka, kwa sababu nimeona wenzangu wakidhani programu inafanya miujiza. Kuchagua njia ya kulia hakumnyamazishi aliyekaa kushoto; maikrofoni zote mbili zilisikia watu wote wawili, tofauti ni nguvu tu. Sikio lako ndilo linalolinganisha. Na kama rekodi ilifanywa kwa njia moja tangu mwanzo, kama programu nyingi za simu zinavyofanya, hakuna kitufe kitakachorudisha upande ambao haukuandikwa. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: badilisha kushoto na kulia. Kama hakuna kinachobadilika, au programu haikupi nafasi ya kuchagua, basi una sauti moja tu.

Jina linalodanganya

Katika dirisha la VLC la vichujio vya sauti kuna kifaa ambacho kwa Kifaransa kinaitwa «spatialiseur». Nilipokiona nilifurahi: nafasi ya sauti, ndicho ninachotafuta! Kina vitelezi vitano vya kuvuta kwa maosi, na ukivivuta sauti inabadilika palepale. Lakini sikiliza vizuri. Kifaa hiki hakimweki msemaji kushoto wala kulia. Kinaongeza mwangwi, kama vile watu wanazungumza ndani ya kanisa kubwa. Kwa muziki, mtu anaweza kukipenda. Kwa maneno ni hasara: mwangwi wa silabi moja unaangukia silabi inayofuata, na konsonanti zinazama. Kwa kazi ya kunakili, kizime. Vivyo hivyo na kile cha kupanua stereo: kinanogesha tu, hakileti habari mpya.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kuna nafasi iliyorekodiwa, ambayo ni ushahidi wa mahali mtu alipokaa. Na kuna nafasi iliyotengenezwa na programu, ambayo ni mapambo. Mwanaisimu anaruhusiwa kutumia ya kwanza kusema nani alisema. Ya pili hathibitishi nayo kitu.

Sauti inayogeuka pamoja nawe

Kuna hatua nyingine mbele. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, VLC inacheza video za digrii 360 pamoja na sauti ya aina inayoitwa ambisoniki. Wazo lake ni la miaka ya 1970, na Mwingereza Michael Gerzon ni mmoja wa walioliunda. Badala ya kuandika «kushoto» na «kulia», rekodi inaandika sauti zote zinazofika mahali pamoja kutoka kila upande. Aina ya chini inahitaji njia 4: moja kwa nguvu yote ya sauti, na tatu kwa mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Aina ya daraja la tatu, ambayo VLC 3.0 inaifikia, ina njia 16.

Faida yake ni kwamba msikilizaji anaweza kugeuka baadaye. Ukivuta picha kwa maosi umtazame mtu aliyekuwa nyuma, sauti yake nayo inahamia mbele yako. Fikiria barza ya wazee 8 waliokaa duara, kinasa sauti katikati. Stereo ya kawaida ingewabana wote katika mstari mmoja kati ya kushoto na kulia. Aliye mbele na aliye nyuma wangechanganyika. Maikrofoni za namna hiyo bado ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, lakini kanuni ni ile ile niliyoivunja mimi: usitupe upande.

Nawaomba nini wenzangu

Kabla ya kurekodi, hakikisha kifaa kimewekwa katika stereo, kisha andika katika daftari nani amekaa wapi. Mwanzoni, kila mtu ataje jina lake kutoka mahali pake. Wakati wa kunakili, angalia herufi za ekuteri, maana ukizivaa kinyume utageuza mashahidi wote. Ukitaka faili jepesi kwa kutuma, tengeneza nakala, na ya asili uihifadhi bila kuigusa. Mahali ambapo masikio hayakubaliani, andika kwamba msemaji hajulikani, si aibu. Na mwisho, rudi kwa wenye maneno uwasomee.

Kwa walimu wetu nina ombi moja: tunapoleta kazi zetu, mtuulize pia rekodi ya asili, si maandishi peke yake.

Nilirudi kwa mama zangu mara ya pili nikiwa na kompyuta. Niliwavisha ekuteri kwa zamu, nikawachezea kipande kile. Mama Mdogo alijisikia kulia, akacheka. Mama Mkubwa alisikiliza mara mbili, akavua, akaniambia: «Sasa andika hivyo. Na ile ‘ee’ yangu uiandike pia.» Nimeiandika.