Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Huko Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, utasikia maneno mawili juu ya kilima kimoja. Mmoja anasema: «Kilima hiki ni cha babu zetu, makaburi yao yapo hapa.» Mwingine anaonyesha karatasi yenye mhuri na kusema: «Zahabu iliyomo chini ni ya Serikali, na Serikali imeipa kampuni ruhusa ya kuichimba.» Je, nani anasema kweli? Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa sheria yake. Basi, tutafute sheria hizo mbili zilianza kugombana lini.

I. Tangazo la mwaka 1885

Mkutano wa Berlin ulikwisha tarehe 26 Februari 1885. Mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamekubali Leopold II, mfalme wa Ubeleji, atawale inchi za bonde la Kongo. Tarehe 1 Julai ya mwaka huohuo Serikali yake mpya ilitoa tangazo fupi kabisa. Lilisema mambo mawili: kwanza, asiwepo mtu wa kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayokaa, pili, ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali.

Ukisoma haraka, utaona ni maneno ya haki. Lakini tuulize: ardhi isiyo na mwenyewe ni ardhi gani? Kwa watawala wale, ilikuwa yote isiyokuwa na nyumba wala shamba siku ile. Kwa wazee wetu, ardhi ya namna hiyo haikuwako. Msitu wa kuwinda ulikuwa na mwenyewe. Kijito cha kuvua samaki kilikuwa na ukoo wake. Shamba lililoachwa miaka kumi lipumzike lilikuwa na mtu atakayelirudia, na mahame ya kijiji yalikuwa na wafu wake. Hivi kwa neno moja sehemu kubwa ya inchi ilitoka mikononi mwa wenyewe, wala hawakuulizwa, wala hawakujua.

II. Kwanza mshindi, kisha karatasi

Tusidanganyane: kabla ya Wabeleji, Maniema haikuwa paradiso. Tippu Tip na wenzake waliotoka upande wa Unguja walikuwa wamejifanyia makao Kasongo, Nyangwe na Kabambare. Walitafuta pembe na watumwa, na vijiji vingi viliteketea. Mwaka 1887 Leopold mwenyewe alimfanya Tippu Tip gavana wa Stanley Falls. Miaka michache baadaye alipigana na watu wake. Askari wa Dhanis waliteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Waliambia ulimwengu kwamba wamekuja kumaliza biashara ya watumwa. Biashara ile ilikoma kweli. Lakini bwana mpya alileta kitu ambacho bwana wa zamani hakuwa nacho: karatasi inayogawa udongo.

Tazameni mfano. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyoitwa CFL, chini ya tajiri Empain. Ndiyo iliyojenga reli ya Kindu na Kongolo. Ili ipate faida, Serikali iliipa haki juu ya hekta 4.000.000 za ardhi, yaani kupita ukubwa wa Ubeleji yote. Ardhi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika ile isiyo na mwenyewe!

Na tuwe wakweli: hata misioni zetu zilipata sehemu. Mapatano kati ya Papa na Serikali ya Leopold, ya tarehe 26 Mei 1906, yaliahidi kila misioni hekta 100 hata 200. Juu ya ardhi ile zilijengwa shule na hospitali, na mema yake ni mengi. Lakini aliyeitoa hakuwa mwenyewe.

III. Ardhi kwanza, kisha mikono

Mwaka 1908 Ubeleji ilipokea Kongo kutoka kwa mfalme. Mambo mengine yalitengenezwa. Tangazo la ardhi lilibaki. Tena ardhi bila mikono haizai kitu. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa, ya kulipwa kwa feza. Mwaka 1917 ikaja amri ya kulima kwa lazima, na Maniema ikawa miongoni mwa inchi za kwanza kulimishwa pamba. Kutoka 1921 kila eneo la pamba lilipewa kampuni moja tu ya kuinunua, hata mlimaji asiweze kutafuta bei nzuri penginepo. Mwaka 1933 kazi hiyo ya lazima ilipimwa kuwa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Aliyekosa aliadhibiwa.

Ndipo tunapoelewa ginsi ufalme wa kigeni ulivyofanya kazi. Haukuwa hasira tu ya watu wakali. Ulikuwa kama mtego wenye kamba tatu: ardhi imechukuliwa, kodi inadaiwa, mnunuzi ni mmoja. Mtu mwema angeweza kusimamia mtego huo bila kupiga kelele, na bado mtego ungekamata.

IV. Bendera ilibadilika

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Wengi walidhani ardhi itarudi. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 iliyafuta mapewa ya kikoloni, lakini haikuirudisha ardhi kwa koo: iliiweka mikononi mwa Serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza zaidi: udongo wote ni wa Serikali peke yake, hata ule wa vijiji. Juu ya haki za desturi ilisema kwamba amri ya Rais itazipanga. Miaka zaidi ya 40 ilipita na amri hiyo haikutiwa sahihi. Kumbe, tangazo la 1885 lilikuwa limewaachia wenyeji walau nyumba na mashamba yao; sheria yetu wenyewe ilichukua hata hayo!

Sasa turudi Salamabila. Zahabu ya Namoya ilichimbwa tangu wakati wa Wabeleji. Kazi yao ilipokwisha, watu walichimba kwa mikono, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Februari 1997, miezi mitatu kabla ya Mobutu kuanguka, Serikali ilipatana na Banro, kampuni ya Kanada, juu ya machimbo ya Kivu na Maniema. Mwaka 2016 kiwanda cha Namoya kilianza kazi ya biashara. Wachimbaji wa mkono wakaambiwa kwamba wao sasa ni wavamizi. Ugomvi ulizaa bunduki, watu waliibwa, watu waliuawa, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi kwa kukosa usalama.

Wenye bunduki hawana haki ya kuua. Hilo halina shaka. Lakini anayetaka kuuzima moto lazima ajue kuni zilitoka wapi. Kuni hizo zilipangwa tarehe 1 Julai 1885, na sisi wenyewe tuliongeza nyingine.

V. Tufanye nini?

Kulaumu wafu hakulimi shamba. Kuna milango miwili iliyo wazi kidogo. Wa kwanza ni sheria ya madini iliyotengenezwa upya Machi 2018. Inaagiza kampuni ipatane na watu wa mahali kwa maandishi, na itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Tena katika ushuru wa madini, sehemu 15 kwa mia ni za sekta ao sheferi yenyewe. Wa pili ni amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii kupata msitu wake wa desturi kwa karatasi, hata hekta 50.000.

Lakini milango hii haifunguliwi na wasiojua kama ipo. Nani atamsomea mzee wa kijiji sheria hizo katika lugha yake? Nani atatembea naye mipakani na kuandika majina ya vijito, mahame na makaburi, wakati wanaoyajua bado wanaishi? Wazee wamekwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1885 daftari lilikuwa la mtu mmoja tu, naye alikaa Brussels. Leo kalamu iko pia mikononi mwetu, sisi tuliosomeshwa.