Homa imekwisha, viungo vinagoma: Usimuite mvivu

Winga anaumwa homa siku nne, anapona, anarudi mazoezini. Wiki tatu baadaye vifundo vya miguu na viwiko vya mikono bado vinauma, na asubuhi anashuka kitandani kama babu. Jukwaani wanasema anazuga. Kocha anasema anajivuta. Mtaani nako wanasema ni mkono wa mtu.

Kabla hujamhukumu, jua kuna ugonjwa unaofanya hivyohivyo, na jina lake dunia imelichukua hukuhuku kusini.

Mwaka 1952 hadi 1953 homa ngeni ilizikumba Newala na Masasi, enzi hizo zikiwa Jimbo la Kusini pamoja na Lindi na Kilwa. Watu walishikwa ghafla, viungo vikauma hadi wakashindwa kunyooka. Wenyeji wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na jina likabaki hilo. Mwaka 2004 ugonjwa uliipiga Lamu, kisha ukafika Comoro na kisiwa cha Réunion.

Virusi vyake hubebwa na mbu wa Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni. Huyu hang'ati usiku kama mbu wa malaria. Anawinda mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, yaani muda uleule wa mazoezi na mechi za ndondo. Huzaliana kwenye maji yaliyotuama: matairi, mapipa, hata vifuu vya nazi vilivyojaa mvua.

Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Lakini kuna wanaobaki na maumivu miezi, wengine miaka. Na hata mwanamichezo mkubwa hanusuriki: HS Prannoy, nyota wa India wa mpira wa vinyoya, aliugua chikungunya akijiandaa na Olimpiki ya Paris 2024.

Sasa utaitofautishaje na majeraha ya uwanjani? Ukipigwa daruga, linauma goti moja, na unakumbuka dakika yenyewe. Chikungunya huanza na homa, kisha hushika viungo vingi, mara nyingi pande zote mbili: vidole, viwiko, vifundo, magoti. Asubuhi vinakuwa vimekakamaa.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji ya kutosha na hupewa parasetamo. Diklofenaki na aspirini zisimezwe kiholela kabla daktari hajaondoa shaka ya dengue, maana zinaweza kuchochea kutokwa damu. Na kama homa ipo, pima malaria kwanza, usibahatishe.

Maumivu yakipita miezi mitatu, mchezaji arudi hospitali, kwa mfano Sokoine pale Lindi, na aitaje ile homa ya mwanzo. Huenda ni chikungunya, huenda ni baridi yabisi, na kila moja ina matibabu yake. Kumchoma sindano ya kutuliza ili acheze Jumapili ni kuahirisha tatizo.

Arudi taratibu: kutembea, kuogelea (bahari ya Kilwa na Lindi haina kiingilio), kisha mpira. Benchi la ufundi, kuanzia Namungo ya Ruangwa hadi timu za mtaani, liulize swali moja kabla ya kumkata jina: uliumwa homa lini?