Sura ya 6: Kinachomvuta Mtoto Chini ya Maporomoko

Sura hii niliipanga katika sehemu tatu: mzigo, njia na kambi. Mzigo naupita upesi, maana mzazi wa Kilembwe, hapa Fizi, hahitaji kufundishwa kufunga blanketi, sufuria, unga wa muhogo na ndagala. Wala sikubaliani na wanaosema kwamba kulala porini na mtoto ni starehe ya Wazungu. Wawindaji wa Kibembe wamelala kambini msituni vizazi na vizazi, na vijana wao wakajifunzia hukohuko nyayo, miti na mitego. Kilichoharibika ni usalama. Kabla ya kupanda kuelekea milima ya Itombwe, ulizia kwa chifu na kwa watu walioipita njia ile wiki hiyo. Wakisema ngoja, ngoja.

Njiani, kumbuka baridi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mohi, huko Itombwe, kinafika mita 3,475. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa karibu digrii 6. Mtoto hupoa kabla yako, kwa kuwa mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Nguo zake za kulalia zifungwe ndani ya plastiki, na zisiguswe mpaka usiku.

Sasa tufike kambini, kando ya maporomoko, na hapa sina haraka.

Kuanzia Baraka hadi Kalemie utasikia habari za mambamuntu, nusu mtu nusu samaki, anayevuta watu majini. Mtoto akizama, wazee husema amechukuliwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Imani hii inanikasirisha kwa sababu inaua. Aliyechukuliwa na jini hana somo la kuwaachia wenzake, na kesho yake wanaoga palepale.

Kinachovuta ni maji yenyewe. Yatazame yanapoangukia: ni meupe kwa sababu yamejaa hewa. Lita moja ya maji matulivu ina uzito wa kilo moja. Ikiwa sehemu moja ya kumi ni hewa, lita hiyo inabaki na gramu 900 tu. Mwili wa mtu aliyejaza pumzi ni mwepesi kidogo tu kuliko maji matulivu, ndiyo maana unaelea. Katika maji meupe mwili uleule unakuwa mzito kuliko kinachoubeba, nao unazama. Mkono wa mwogeleaji nao haupati cha kusukuma, maana sehemu kubwa ya anachokishika ni povu. Kijana aliyeogelea ziwani Baraka tangu utotoni anaweza kuzama hapo bila kukosea lolote.

Juu ya hayo kuna mzunguko. Maji yanayoanguka huenda chini hadi kwenye sakafu ya bwawa, huibuka mbele kidogo, kisha sehemu yake hurudi nyuma kwenye maporomoko na kuzamishwa tena. Ndiyo sababu gogo huonekana likiviringika hapo mchana kutwa bila kwenda popote. Mwoneshe mtoto. Chukua bidoni, ijaze maji hadi ibakize hewa ya kuielesha tu, ifunge kamba ndefu, kisha simameni kwenye mwamba mkavu, mbali na ukingo, umshike mkono, na uirushe. Itaelea penye utulivu, itatoweka kwenye weupe, itaibuka, itarudishwa. Iache izunguke mpaka maswali ya mtoto yaishe. Bidoni hiyo itamfundisha zaidi ya vitisho vyote vya mambamuntu.

Kosa la kwanza ni kumsingizia mambamuntu; la pili ni kusema: hapa jua linawaka, basi mto ni salama. Mto huleta mvua iliyonyesha mbali, usiyoiona. Kwenye korongo la Hell's Gate, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 wa kanisa mwaka 2012, na mwaka 2019 yakaua tena watu waliokwenda kutembea. Hapa kwetu Fizi, Mei 2025, mto Kasaba uliteremka usiku na mawe, miti na tope hadi kijijini kando ya ziwa, na watu zaidi ya 100 waliripotiwa kufa. Kwa hiyo kabla ya kutandika turubai, tafuta majani na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ya kando ya mto. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Lala juu zaidi ya hapo. Maji yakigeuka rangi ghafla au yakianza kubeba majani mengi, mbebe mtoto upande mlima, na sufuria ibaki.

Mpe pia filimbi, kwa sababu karibu na maporomoko sauti yako haimfikii hata akiwa hatua kumi kutoka kwako.

Kuhusu kunywa, usidanganywe na weupe wala kasi. Maji ya mbio hayamfai konokono wa kichocho, lakini vidimbwi vya pembeni vinamfaa, na kipindupindu, ambacho Fizi inakijua vizuri, hakionekani kwa macho. Chemsheni hata ya kusukutulia.