Kichocho cha Ziwani: Utambuzi wa Kimelea ndani ya Konokono

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa wa pwani, neno kichocho humaanisha maradhi ya kukojoa damu. Maana hiyo inafaa Kwale na Kilifi, ambako kimelea Schistosoma haematobium hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu. Kwenye fuo za Kisumu na Homa Bay mambo ni mengine. Huko kinachosumbua zaidi ni Schistosoma mansoni, ambacho hudhuru matumbo na ini. Damu, ikionekana, huonekana katika choo kikubwa. Mvuvi aliyeambiwa kuwa dalili ni mkojo mwekundu huenda asijitambue kamwe. Isitoshe, minyoo hii huweza kuishi mwilini kwa miaka kadhaa, hivyo mwanafunzi aliyelelewa ufuoni anaweza kupanda nayo hadi Eldoret, kwenye baridi ya nyanda za juu, mahali ambapo ni wachache wanaoufikiria ugonjwa huo.

Utambuzi huanzia majini, kwa konokono mwenyewe. Bulinus, anayeeneza kichocho cha kibofu, ana gamba ambalo mdomo wake huwa upande wa kushoto ncha ikielekezwa juu. Biomphalaria, anayeeneza kile cha matumbo, ana gamba bapa lililojiviringa mithili ya kamba iliyokunjwa juu ya meza.

Kuliona gamba, hata hivyo, si kukiona kimelea. Kila konokono huwekwa peke yake katika chombo kidogo chenye maji safi, kisha huachwa juani au chini ya taa kwa saa moja au mbili. Aliyeambukizwa hutoa serkaria, yaani viluwiluwi vidogo mno vyenye mkia wa panda, ambavyo hutazamwa kwa hadubini. Asiyetoa kitu hatangazwi kuwa salama papo hapo, kwani kimelea huchukua takribani mwezi mmoja kukomaa ndani yake. Hutunzwa na kupimwa tena.

Mtego uko kwenye mkia huo. Vimelea vya ng'ombe, ndege na panya navyo vina serkaria zenye mkia wa panda. Katika Ziwa Victoria, Schistosoma rodhaini, kimelea cha panya, hutumia Biomphalaria yule yule, na serkaria zake hufanana mno na za mansoni. Kinachozitenganisha kwanza ni saa: mansoni hutoka mchana, watu wanapoteka maji, kufua na kuvua, rodhaini hutoka usiku, panya wanapotembea. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kiumbe kidogo mno hufuata ratiba ya windo lake kwa uaminifu kiasi hicho.

Hata saa nayo haitoshi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha ushahidi kwamba spishi hizi mbili huzaliana magharibi mwa Kenya na kuacha machotara. Kwa hiyo uamuzi wa mwisho hutolewa na vinasaba, katika maabara zilizo mbali na ufuo ambako watoto bado wanaoga.