Mimea ya kutuliza wasiwasi: anayelipia jaribio ndiye anayeshika soko

Juni 2002 mamlaka ya dawa ya Ujerumani, BfArM, ilifuta leseni za dawa zilizotengenezwa kwa mizizi ya kava. Mgonjwa wa Berlin alibadilishiwa vidonge, basi. Mkulima wa Vanuatu, visiwa vya Pasifiki ambako kava hukaa ardhini miaka mitatu hadi mitano kabla ya kung'olewa, alibaki na shamba alilolipanda kwa ajili ya mnunuzi ambaye hayupo tena. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata, na soko lililovuma kwa miaka michache likafungwa. Wakulima wa miraa wa Meru, waliofungiwa mlango wa Uingereza Juni 2014, hawahitaji kusimuliwa hali hiyo.

Kava ni kichaka cha jamii ya pilipili manga. Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa mizizi yake hupondwa, ikachanganywa na maji, ikachujwa na kunywewa kwenye kifuu cha nazi. Mdomo hufa ganzi, mwili hulegea, mtu akabaki na akili zake. Viini vinavyofanya kazi hiyo huitwa kavalaktoni. Kampuni ya Dr. Willmar Schwabe ya Karlsruhe ilivitoa kwenye mizizi kwa kutumia asetoni badala ya maji, ikapata dawa iliyopewa alama WS 1490. Mwaka 1997 watafiti Volz na Kieser walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 25 kwa wagonjwa 101 wa wasiwasi: waliomeza dawa hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu ndani.

Hesabu ya biashara hii imejificha hapo. Mzizi wenyewe haupewi hataza, kwani watu wameunywa kwa karne nyingi. Kinachoweza kulindwa ni namna ya kuukamua na jina la kibiashara, na kwa kuwa kuwapima watu kwa miezi kadhaa ni ghali, kampuni hulipia jaribio la bidhaa yake tu. Faida ya matokeo mazuri huenda kwa mwenye bidhaa. Mwenye shamba huendelea kuuza malighafi kwa kilo. Hasara haigawanywi hivyo. Kidonge kimoja kikishukiwa, jina la mmea mzima huchafuka, na anayeumia kwanza ni yule ambaye hakuwahi kuketi kwenye kikao cha watafiti.

Kilichoiangusha kava ni taarifa za watu walioumwa ini. Shirika la Afya Duniani lilipozipitia mwaka 2007 lilikuta 93, baadhi zikihusu watu waliokuwa wakitumia pia dawa nyingine. Sababu bado inabishaniwa. Wapo wanaolaumu ukamuaji wa asetoni na spiriti. Wengine wanaangalia bei ilivyopanda mwishoni mwa miaka ya 1990, wachuuzi wakanunua hata maganda ya shina, ambayo mnywaji wa Vanuatu huyatupa. Na wengine wanataja tudei, aina ya kava ambayo ulevi na kichefuchefu chake hudumu siku mbili, na ambayo wenyeji hawaigusi kwa kinywaji cha kila siku.

Vanuatu ilipitisha Sheria ya Kava mwaka huohuo wa 2002 na kuzuia aina zisizofaa kuuzwa nje. Sheria bila kipimo haifiki mbali, na hapo ndipo ninapoipenda kazi ya mtaalamu wa mimea Vincent Lebot na wenzake. Mpimaji huchukua unga kidogo kutoka kwenye gunia, huutia kwenye chupa ya asetoni, hutikisa na kuuacha utuame. Ukitoa rangi ya njano, ni kava bora; ukitoa rangi ya chungwa iliyokolea, ni tudei au mizizi iliyochanganywa, na gunia halipiti. Ni kipimo chepesi, na kingekuwa mikononi mwa wanunuzi wakati wa bei kubwa, huenda biashara ingekuwa na hoja ya kujitetea nayo.

Mahakama ya utawala ya Cologne iliamua mwaka 2014 kwamba kufutwa kwa leseni hakukuwa halali, ila miaka 12 ilikuwa imeshapita. Kwa upande wa sayansi, Australia ndiyo iliyoendelea kupima. Jaribio la mwaka 2013 lililoongozwa na Jerome Sarris, watu 75 kwa wiki sita, lilileta matumaini. Timu yake ikarudi na kubwa zaidi: watu 171, wiki 16, matokeo yakatoka 2020. Kava haikukishinda kidonge kitupu, na vipimo vya ini visivyo vya kawaida vilionekana zaidi kwa walioitumia. Ninawaheshimu watafiti hao kwa kuyachapisha matokeo ambayo hakuna mwuzaji angeyataka.

Pamoja na hayo, kava inauzika. Desemba 2021 Australia iliruhusu iingizwe kibiashara kama kinywaji, na Marekani, hasa Florida, kuna baa zinazoiuza kwa bilauri. Nadhani wakulima wa Pasifiki wako salama zaidi kuuza kinywaji chao kwa jina lake kuliko kuuza ahadi ya tiba.

Schwabe nayo ilihamia kwenye mafuta ya lavenda, Silexan, ya kumeza. Jaribio la 2014 kwa watu 539 liliiweka mbele ya kidonge kitupu kwa wiki kumi, paroxetine, dawa ya wasiwasi ya hospitalini, ikiwa ndani ya ulinganisho. Sehemu kubwa ya majaribio ya Silexan imegharimiwa na mtengenezaji, jambo la kukumbuka unaposoma matokeo. Ashwagandha, mmea mwingine wa kutuliza unaotoka India, inauzwa dunia nzima kwa nguvu ya majaribio madogo, kama la 2012 lenye watu 64, ingawa Denmark iliipiga marufuku 2023. Mmea huohuo hujiotea porini Kenya na Tanzania, lakini jina linalouzika ni la Kihindi na kiwanda kiko India.

Afrika Kusini ndiko kuna mkataba wa kuangaliwa. Kanna, mmea ambao Wasan, wenyeji wa asili wa huko, huutafuna tangu kale, ulikamuliwa na kampuni ya HG&H ikapata Zembrin. Makubaliano ya kugawana mapato na Baraza la Wasan yalisainiwa 2008, miaka mitano kabla ya watafiti kuonyesha kwa picha za ubongo, kwa watu 16 tu, kwamba dozi moja hupunguza mshtuko wa sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu. Mgawo ulikuwa umeshaandikwa wakati bado hakuna aliyejua kama mmea utapata sifa. Kenya imo tangu 2014 katika Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za mimea na viumbe vya nchi, na inaweza kudai karatasi kama hiyo kwa yeyote anayekuja kuchukua mbegu au mizizi ya ashwagandha yetu, kabla mzigo haujafika bandarini.